Misuli Hailishwi kwa Jasho Peke Yake: Majibu kwa Wasomaji

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: nijikaze vipi zaidi? Tumezisoma zote, na wengi wenu mnajikaza vya kutosha, wengine mpaka mnazidisha. Pengo liko kwengine: kwenye chai ya asubuhi, kwenye siku ya kupumzika, kwenye saa za kulala. Barua ndefu tumezifupisha.

Vyuma vinaongezeka, kilo haziongezeki

*Assalaam alaykum. Nina miaka 24 na kilo 62, nakaa Jang'ombe. Nina miezi minane nanyanyua vyuma siku sita kwa wiki, kifua na mikono zaidi. Asubuhi chai ya rangi na chapati mbili, mchana wali na samaki, usiku urojo. Mwili umekaza kidogo lakini mizani haijasogea. Wenzangu jimu wanasema bila ya unga wa protini sifiki popote. Jee, ninunue upi?*

Waalaykumu salaam. Fedha ibaki mfukoni kwanza, tupige hesabu ya sahani yako.

Anayenyanyua vyuma anahitaji protini kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwako wewe ni gramu 100. Chapati mbili zina 9 au 10. Wali wa mchana, tuseme gramu 300 zilizokwisha kupikwa, una 8, na kipande cha samaki cha gramu 80 kina 20. Urojo na bajia zake na mbatata zake, tukikukirimu, 10. Jumla ni 48. Unafanya mazoezi ya mtu wa gramu 100 kwa chakula cha mtu wa gramu 48, na zaidi ya nusu yake umeila mchana peke yake. Mwili hauna ghala la kuwekea protini kama unavyoweka mafuta, kwa hivyo ni bora kuigawa: gramu 20 hadi 30 kila mlo, mara nne kwa siku.

Anza na asubuhi, maana ndipo palipoharibika. Mayai matatu yana gramu 18, gilasi ya maziwa ya mililita 250 ina 8, na boflo la kusindikizia lina 5 hivi: umeshafika 31 kabla hujatoka mlangoni. Wiki ambayo mayai yamepanda bei, bakuli la mbaazi za nazi la gramu 250 lina 17, na maziwa yakiwa pembeni unafika 25. Mchana usibadilishe kitu ila ukubwa wa kitoweo: gramu 120 za jodari au kibua aliyepikwa zina 30, na wali wake unakufikisha 38. Jioni ukitoka kwenye vyuma, kikombe cha mtindi na konzi ya karanga (gramu 30) ni 16, utie na ndizi mbivu mbili. Usiku kikombe cha maharage au choroko kina 14, na chapati moja 5. Umepita 100 na hujagusa kopo la mtu.

Dagaa wakavu tunawataja peke yao kwa sababu ndio wanaodharauliwa zaidi. Gramu 100 za dagaa waliokauka vizuri zina protini kama 60, kwa hivyo konzi moja ya gramu 30 ni 18, na kwa kuwa wanaliwa na mifupa yao unapata na madini ya chokaa. Tatizo lao ni chumvi na mchanga. Waloweke kwenye maji ya vuguvugu dakika 10 hadi 15, wasuuze mara mbili, ndipo uwakaange na kitunguu na tungule na kuwamalizia kwa ndimu. Anayewatia chunguni moja kwa moja kutoka kwenye mfuko, usiku mzima atakuwa anatafuta maji.

Protini nayo haiongezi kilo kama nishati ya jumla haitoshi. Ongeza kalori 300 hadi 400 kwa siku: nusu sahani ya wali zaidi (gramu 150) ni 195, na zile karanga za jioni ni 170. Jipime asubuhi, baada ya kutoka msalani na kabla ya chai, mara tatu kwa wiki, kisha chukua wastani. Tafuta gramu 150 hadi 300 kwa wiki. Ukiongezeka zaidi ya nusu kilo kila wiki, sehemu kubwa ni mafuta. Ukikaa wiki mbili mizani haijasogea, ongeza nusu sahani nyengine.

Sasa ratiba. Miguu haijatajwa hata mara moja kwenye barua yako, na miguu na mgongo ndiyo misuli mikubwa kuliko yote. Hiyo ndiyo itakayosogeza mizani. Siku nne zinatosha: Jumamosi na Jumanne kifua, mabega na mikono, Jumapili na Jumatano miguu na mgongo. Kila msuli upate seti (mfululizo mmoja wa kunyanyua bila ya kupumzika) 10 hadi 16 kwa wiki nzima, si kwa siku moja.

Na namna ya kujua kama seti imefanya kazi ni kutazama kasi ya chuma, si kutazama uso wako kwenye kioo. Tuseme uko kwenye benchi na kilo 50. Mara ya kwanza mpaka ya tano chuma kinapanda kwa mwendo mmoja. Ya sita kinapunguza. Ya nane kinasita katikati ya njia, kisha kinamalizia. Weka hapo, umebakisha moja au mbili mwilini, na hapo ndipo tunapopataka. Ukiacha ya tano chuma kikingali kinaruka, hukufanya kazi. Na ukiwa kila seti mwenzako anakuinulia tatu za mwisho, umenunua uchovu wa siku tatu kwa faida ndogo sana. Pumzika dakika 2 hadi 3 baina ya seti. Tunajua kuna foleni. Basi pishaneni watu watatu kwenye benchi moja, na hizo dakika zitapatikana zenyewe. Ukifikisha mara 10 kwenye seti zote tatu, ongeza kilo 2.5 mara ijayo ya zoezi hilo. Andika kwenye daftari, kichwa kinasahau.

Kuhusu unga: kijiko kimoja cha kopo kina protini ya gramu 20 hadi 25, sawa na mayai manne. Unamfaa anayekosa muda wa kupika, basi. Kopo linaloahidi kilo kumi kwa mwezi likimbie, kwa sababu makopo kama hayo mara nyingine huwa na homoni ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Kama lazima ununue kitu, kreatini monohaidreti, unga unaoisaidia misuli kutoa nguvu, ina ushahidi mzuri zaidi: gramu 3 hadi 5 kila siku, saa yoyote. Wiki za mwanzo utaongezeka kilo moja hivi ya maji ndani ya misuli, usijidanganye kuwa ni nyama. Mwenye maradhi ya figo amuulize daktari kwanza.

Siwezi kushuka ngazi

*Nimejiunga na kikundi cha mazoezi cha mtaani baada ya bonanza la Januari 1. Siku ya kwanza tulipigishwa skwati 150 na lanji za kuzunguka uwanja. Kesho yake nilikuwa na maumivu, keshokutwa nikashindwa kushuka ngazi za fleti za Michenzani ninakokaa, na kuzipanda naweza. Mmoja ananiambia ni asidi imeganda nichanganye ndimu na siki, mwengine ananipa diklofenaki. Nifuate lipi?*

Dada yetu, usifuate lolote kati ya hayo mawili. Na umetupa dalili muhimu bila ya kujua: kupanda unaweza, kushuka huwezi. Msuli wa paja unapokushusha kwenye skwati au kwenye ngazi unafanya kazi huku ukirefuka, yaani unafunga breki. Kazi ya breki ndiyo inayochana nyuzi ndogo ndogo za msuli usioizowea. Maumivu huanza baada ya saa 12 hadi 24, hufika kileleni baina ya siku ya kwanza na ya tatu, na ndani ya wiki huwa yamekwisha. Ile asidi inayosingiziwa ilishaondoka msulini ndani ya saa moja hivi baada ya kuacha mazoezi. Haigandi, na ndimu haina cha kuyeyusha. Ndimu itie kwenye samaki.

Kinachosaidia ni kutembea polepole dakika 20, kuoga maji ya moto ukiyapenda, na kuchuliwa kwa mkono mwepesi. Hivyo vinapunguza maumivu kidogo tu, havifupishi siku. Diklofenaki uiache: ikikutana na mwili uliokaukiwa maji na misuli iliyochanika inazielemea figo, na tumbo nalo. Ukishindwa kulala, panadoli ya kawaida inatosha.

Lakini kuna mpaka. Mkojo ukigeuka rangi ya chai ya rangi iliyokolea, au mapaja yakavimba na kuwa magumu, au miguu ikakosa nguvu kabisa na si kuuma tu, usingoje mpaka asubuhi. Nenda hospitali, na ueleze kuwa ulifanya mazoezi mengi. Hapo msuli umevunjika kwa wingi na mabaki yake yanaziba figo. Wanaopatwa aghalabu ni wageni wa mazoezi waliopigishwa idadi kubwa siku ya kwanza, kama wewe.

Ukipona, rudi na seti mbili za skwati 10, mara mbili wiki hiyo. Wiki ya pili seti tatu. Msuli ulioumia mara moja hujikinga kwa wiki kadhaa, kwa hivyo kazi ile ile haitakuuma tena namna hii. Na kwa kocha aliyeagiza skwati 150 kwa watu wasiojuana na mazoezi: maumivu ya wanafunzi wako si cheti chako.

Supu ya pweza

*Ni kweli supu ya pweza ya Forodhani inajenga misuli kuliko nyama?*

Pweza mwenyewe ndiye, gramu 100 zilizopikwa zina protini kama 30 na mafuta kidogo mno, anakwenda sambamba na kuku wa kifua. Ukinywa mchuzi na kumwachia mwenzako vipande, umekunywa maji ya chumvi na ndimu. Kuhusu mengine yanayosemwa juu ya supu hiyo, safu hii ni ya misuli tu.

Mwaka mzima kasi ile ile

*Nakimbia kilomita 6 kila alfajiri, siku sita, huku Bububu. Natumia dakika 34, na mwaka mzima ni dakika 34. Miguu mizito kila siku. Nina miaka 34. Niongeze siku ya saba?*

La. Punguza iwe tano, na hizo tano zisifanane.

Unachofanya ni mbio za katikati: kali mno kwa miguu kupumzika, na pole mno kwa moyo kulazimika kubadilika. Kipimo rahisi ni ulimi wako. Ukiweza kuimba ubeti mzima wa taarabu bila ya kukatika, huko ni kutembea. Ukiweza kuongea sentensi nzima lakini kuimba hapana, hizo ni mbio nyepesi. Ukijibu kwa neno moja moja, umeingia kwenye kali. Tunashuku kwamba kila alfajiri unajibu kwa maneno matatu.

Anayetaka namba atumie mapigo ya moyo. Chukua 208, toa miaka yako uliyoizidisha kwa 0.7, kwako inabaki 184, ndiyo juu kabisa ya moyo wako, ikikosea mapigo kumi huku au kule. Mbio nyepesi ni asilimia 65 hadi 75 ya hapo, yaani mapigo 120 hadi 138 kwa dakika. Simama, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, hesabu sekunde 15: ukipata 30 hadi 34 uko sawa. Hesabu papo hapo, kwa sababu ukichelewa nusu dakika mapigo yameshashuka na utajidanganya.

Siku tatu kimbia zile kilomita 6 kwa wepesi huo, hata zikichukua dakika 42. Utaona haya wakikupita wenye baiskeli, vumilia. Siku moja ndefu, kilomita 9 au 10, nyepesi vile vile. Na siku moja kali: dakika 10 za kupasha mwili, kisha dakika 3 za kukimbia kwa nguvu na dakika 2 za kutembea, mara tano, umalize na dakika 10 za polepole. Hizo mara tano ziwe na kasi moja. Ikiwa ya kwanza umeruka kama swala na ya tano unakokota miguu, ulianza vibaya. Kabla ya siku hiyo kula tende tatu nne na maji nusu saa mbele. Mbio nyepesi hazihitaji kitu, kali zinakula wanga. Kwa siku nzima mkimbiaji wa kadiri yako anahitaji wanga kama gramu 5 kwa kila kilo ya uzito, na hapa Unguja hilo si tatizo: gramu 100 za muhogo uliochemshwa zina 38.

Kila wiki ya nne kata theluthi ya kilomita zote. Na ukiamka siku tatu mfululizo mapigo ya kitandani yamezidi kawaida yako kwa 7 au zaidi, mwili haujarudi. Ifanye siku hiyo ya kutembea. Wakati wa kaskazi moyo utapiga haraka zaidi kwa kasi ile ile, kwa sababu damu inapelekwa kwenye ngozi kuupoza mwili. Fuata moyo, saa iache nyumbani.

Msomaji mwengine wa Paje ameuliza kuhusu mbio za ufukweni, tumjibu hapa hapa. Mchanga mkavu uliolegea unagharimu nguvu zaidi ya mara moja na nusu kuliko ardhi ngumu, na mzigo wote unakwenda kwenye kigimbi na mshipa wa kisigino. Kimbia maji yakipwa, kwenye mchanga mbichi ulioshikana. Maji yakijaa ufukwe unabaki mteremko, mguu mmoja unakuwa juu na mwengine chini, na goti la upande mmoja ndilo litakalolalamika. Ikiwa hapana budi, geuka kila baada ya kilomita moja. Peku anza na dakika 10 tu.

Kigimbi kinabana dakika za mwisho

*Tunacheza mpira saa 10 jioni, Chake Chake, na kaskazi hii jua bado kali. Kuanzia dakika ya 75 kigimbi kinabana mpaka naanguka. Nakula ndizi tatu kila kabla ya mechi kwa ajili ya potasiamu na haijasaidia.*

Na haitasaidia. Jasho linatoa sodiamu nyingi, ile iliyomo kwenye chumvi, na potasiamu kidogo sana. Zaidi ya hapo, msuli unaobana mwisho wa mechi kwanza ni msuli uliochoka kupita ulivyozowea. Joto na chumvi vinaongezea tu. Kwa hivyo dawa ya kwanza ni mazoezini: kunyanyuka kwa ncha za vidole kwenye ukingo wa ngazi, mguu mmoja mmoja, seti 3 za mara 15, siku mbili kwa wiki, na mbio fupi za kasi mwisho wa mazoezi badala ya mwanzo. Ukibanwa uwanjani, nyoosha goti na vuta vidole vya mguu kuelekea kwako taratibu, sekunde 30, usikipige kigimbi ngumi.

Maji nayo yapimwe, yasikisiwe. Jipime bila ya nguo zenye jasho kabla na baada ya mechi. Tuseme ulikuwa kilo 70.0, umetoka 68.6, na ndani ya mechi ulikunywa nusu lita: umetokwa na jasho lita 1.9. Upungufu wa kilo 1.4 ni asilimia 2 ya uzito wako, na kuanzia hapo kasi inaanza kushuka. Baada ya mechi kunywa mara moja na nusu ya upungufu huo, yaani lita 2.1, kwa muda wa saa tatu nne, pamoja na chakula chenye chumvi. Aliyetoka uwanjani na kilo nyingi kuliko alizoingia nazo amekunywa kupita kiasi. Hilo nalo lina hatari, maji yanaizimua chumvi ya damu.

Dafu ni zuri, ila lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, kinyume cha jasho. Lita moja ya madafu itie robo ya kijiko cha chai cha chumvi. Au changanya mwenyewe: maji lita 1, sukari vijiko 5 vya chakula vya kufuta, chumvi robo ya kijiko cha chai, ndimu moja. Usizidishe sukari ukidhani ndiyo nguvu. Juisi ya miwa wakati wa mapumziko hukaa tumboni na kuchezacheza kipindi cha pili chote.

Mwezi wa Ramadhani

*Kila Ramadhani napoteza kilo tatu na nguvu zote. Niache vyuma mwezi mzima?*

Usiache, badilisha saa. Sisi tuko karibu na ikweta, saumu yetu ni saa 13 na ushei mwaka wowote, kwa hivyo ratiba moja inakufaa kila mwaka. Vyuma vizito viende baada ya tarawehe, au saa moja na nusu baada ya futari nyepesi. Kabla ya magharibi fanya kutembea au kujinyoosha tu, dakika 30 hadi 40, umalize adhana ikikaribia ili maji yasiwe mbali. Uzito wa chuma usiupunguze sana. Punguza idadi ya seti kwa theluthi. Msuli unabaki ukikumbushwa mzigo, hata kwa seti chache.

Kilo tatu zinapotelea kwenye sahani. Tazama futari yenyewe: muhogo wa nazi, viazi vitamu, magimbi, ndizi mbichi, kaimati. Wanga juu ya wanga, tena kitamu, na tumbo limejaa kabla samaki hajafikiwa. Anza na tende tatu, maji na bakuli dogo la uji, sali, kisha kaa kwenye sahani na uanze na samaki au kunde. Protini igawe mara tatu: futari, baada ya mazoezi, na daku. Daku la mayai matatu na maharage linashinda daku la chai na mkate. Ng'onda, yule samaki mkavu wa chumvi, daku usimguse, utajuta saa 6 mchana. Maji lita 2.5 hadi 3 yagawe tangu magharibi hadi alfajiri, gilasi moja kila nusu saa unapokuwa macho. Ukiyanywa lita nzima dakika za mwisho, yatatoka msalani kabla jua halijapanda.

Mwalimu mstaafu wa Wete

*Nina miaka 63. Kunyanyuka kwenye busati baada ya sala kunanipa tabu, nashika ukuta. Mwanangu anataka ninyanyue vyuma. Si hatari kwa umri huu?*

Shikamoo, mwalimu. Mwanao ana haki, ila hakuna haja ya vyuma kwa sasa. Msuli hupungua tangu miaka ya 30, na ukivuka 60 unapungua kwa kasi zaidi. Habari njema ni kwamba unajibu mazoezi katika umri wowote. Kwanza pima presha. Ikiwa ya juu ni 180 au zaidi, au ya chini 110 au zaidi, daktari aishushe kabla hujaanza.

Kisha mara mbili kwa wiki, siku zisifuatane. Kaa kwenye kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani, nyanyuka bila ya kushika kitu, ukae tena polepole kwa hesabu ya tatu. Mara 8, pumzika dakika 2, rudia mpaka zitimie seti tatu. Kushuka polepole ndiko kutakakokurudishia ule unyanyukaji wa busatini, usijitupe kitini. Ukishindwa, ongeza mto juu ya kiti. Ikiwa rahisi, tafuta kiti kifupi zaidi. Halafu sukuma ukuta kwa mikono miwili mara 10, na beba ndoo mbili zenye maji lita 5 kila moja kutoka kisimani hadi mlangoni na kurudi. Toa pumzi unaponyanyuka. Anayezuia pumzi anaipandisha presha papo hapo.

Umri wako unahitaji protini zaidi kwa kila mlo, si kidogo: gramu 25 hadi 30. Chai na kipande cha mkate wa kumimina ni gramu chache tu. Weka mayai mawili na gilasi ya maziwa, na kibua wa mchana umle peke yako, wajukuu wakaangiwe wao.

Kwa ufupi

*Kahawa ya barazani saa 2 usiku inadhuru mazoezi?* Nusu ya kafeini bado iko mwilini baada ya saa 5 hivi, yaani saa 7 usiku. Usingizi unakuja, lakini mwepesi, na msuli unahitaji saa 7 hadi 9 za usingizi mzuri. Barazani nenda, kahawa iwe ya alasiri.

*Kujitia baharini baada ya vyuma ni sawa na yale maji ya barafu ya wachezaji wa Ulaya?* Barafu yao ni nyuzi 10 hadi 15, bahari yetu ni 25 hadi 30. Huko ni kuoga, na ni kuzuri. Tena anayetaka misuli ikue hana hasara: maji ya barafu kila baada ya vyuma hupunguza ukuaji wake, ingawa yanapunguza maumivu. Yanamfaa mwenye mechi nyengine kesho.